Gitaa Lenye Miaka Miwili: Maneno Niliyowaambia Wapiga Gitaa wa Kamalondo

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni mbele ya wapiga gitaa wa makanisa na wa bendi za Lubumbashi, katika ukumbi mmoja wa Kamalondo. Mvua iliwazuia wengi, nao wamenisihi niyaandike yote. Picha nilizozionyesha ukutani nimeziacha, na pale nilipoonyesha kwa kidole nimejaribu kueleza kwa maneno.

Wazee wangu, mama zangu, wandugu wanamuziki, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha: asanteni kwa kuja.

Naomba kwanza mtazame gitaa hili lililolala mezani. Katikati lina rangi ya asali, na kadiri unavyoelekea pembezoni rangi inaiva hadi kuwa nyeusi, kama anga la kiangazi jua linapozama nyuma ya bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines. Mwenyewe yumo humu ukumbini, na ameniruhusu nilizungumzie gitaa lake mradi nisimtaje. Aliuziwa kwa maneno mafupi: "Hii ni Fender ya mwaka 1962." Alipolileta kwangu, shida ilikuwa ndogo tu, waya uliochomoka kwenye tundu la jeki. Nililigeuza nikaona bamba la chuma linaloshikilia shingo, na juu ya bamba hilo herufi V ikifuatwa na tarakimu. Nikamwomba ruhusa ya kufungua shingo. Kwenye kisigino cha shingo, mahali ambapo jicho la mpigaji halifiki, palikuwa na tarehe, na mwaka wake ulikuwa 1989.

Je, alidanganywa? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi. Muuzaji alisema 1962, na umbo la gitaa hili, mikro zake (vile vifaa vyenye sumaku vinavyonasa sauti ya nyuzi) na vifunguo vyake vyote vinasema 1962. Kisigino cha shingo kinasema 1989. Wandugu, gitaa la marudio lina miaka miwili: mwaka unaoigwa na mwaka lilipotengenezwa. Mwaka wa kwanza hutangazwa kwa sauti kubwa, na mwaka wa pili hufichwa chini ya skrubu nne. Jioni hii nataka kuwashawishi kwamba ule wa pili ndio unaowahusu zaidi, kwa sababu ndio unaowaambia mmeshika mti gani, sumaku gani na vanishi gani.

Magitaa haya ya marudio yalianzaje? Leo Fender alilitoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954 huko Fullerton, California. Mwezi Januari 1965 kampuni yake ilinunuliwa na CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kwa dola milioni 13, na katika miaka iliyofuata wanamuziki wengi wakaanza kulalamika kwamba magitaa mapya hayafikii yale ya zamani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, viwanda vya Japani kama Tokai na Greco vilikuwa vikitengeneza nakala za magitaa ya zamani kwa uangalifu ambao Wamarekani wenyewe walikuwa wameuacha. Hebu fikirini aibu hiyo! Watu wa Fender walilazimika kwenda kwenye maduka ya magitaa makuukuu ili kupima na kupiga picha kazi ya mikono yao wenyewe, kama mpishi aliyesahau mchuzi wake akaenda kuuonja kwa jirani.

Mwaka 1982 wakatoa marudio ya kwanza: Stratocaster ya 1957, Stratocaster ya 1962 na Telecaster ya 1952. Mwaka huo huo wakaunda Fender Japan, na magitaa ya kwanza ya huko, yenye namba zinazoanza na herufi JV, yakatoka katika kiwanda cha FujiGen. Kisha mwaka 1985 CBS ikaiuza Fender kwa kundi lililoongozwa na William Schultz, kwa dola milioni 12.5. Kiwanda cha Fullerton hakikuwamo katika mauzo hayo. Walinunua jina na haki za uvumbuzi, lakini jengo hawakupata, wakalazimika kuanza upya katika mji wa Corona. Kwa hiyo "marudio ya 1962" yaliyotengenezwa mwaka 1983 yalitoka chini ya paa moja, na ya mwaka 1989 yalitoka chini ya paa jingine. Mwaka unaoigwa ni ule ule, lakini mwaka wa kisigino si ule ule.

Hata huo mwaka 1962 wenyewe si kitu kimoja. Mwanzoni mwa mwaka huo, kibao cha palisanda, ule mti mgumu wa rangi nzito, kinachobandikwa juu ya shingo, pale vidole vinapokanyaga, kilikuwa kinene na bapa upande wa chini. Katikati ya mwaka kiwanda kikabadili, kikaanza kubandika kibao chembamba kilichopinda kufuata mviringo wa shingo. Mtu akikuambia "hili limeigwa kikamilifu kutoka 1962", una haki ya kumuuliza: 1962 ya mwezi wa ngapi? Wale waliokuwa wakifanya kazi Fullerton hawakujua kwamba wanaandika historia. Walitumia kilichokuwapo ghalani siku hiyo, na sisi leo tunakichunguza kama wanachuoni wanaochunguza hati za kale.

Jambo jingine hunichekesha kila ninapoliona. Bamba la plastiki lililo chini ya nyuzi za Stratocaster za mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa la seluloidi, nalo lilitoka kiwandani likiwa jeupe. Miaka ilipopita likageuka kijani hafifu, likasinyaa na kupasuka karibu na skrubu. Marudio ya leo hutengenezwa kwa plastiki ya kisasa isiyobadilika, kisha hutiwa rangi hiyo ya kijani tangu mwanzo. Wanachoiga, basi, ni gitaa lilivyozeeka, wala si lile ambalo mnunuzi wa 1962 alilifungua kwenye boksi. Mwaka 1995 warsha maalumu ya Fender ilikwenda mbali zaidi, ikaanza kuuza magitaa mapya yaliyokwaruzwa na kuchubuliwa kwa makusudi, kazi iliyofanywa na fundi Vince Cunetto. Watoto wa mtaa wetu wa Katuba huchubua magitaa yao bure, na hakuna anayewalipa.

Sasa niingie tumboni mwa gitaa, na hapa naomba wazee waliofanya kazi migodini wanisikilize kwa makini.

Nimeleta mikro moja iliyokufa ili niwaonyeshe. Ina sumaku sita, vijiti vifupi vyembamba kuliko penseli, vimesimama wima kila kimoja chini ya uzi wake. Vimezungushiwa waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.063, mwembamba kuliko unywele wa wengi wenu, na umezungushwa karibu mara 8,000. Ukiushika bila tahadhari unakatika, na mikro inanyamaza, kama ilivyonyamaza hii. Waya huo ni shaba. Na vijiti? Vinaitwa alniko, jina lililounganishwa kutokana na alumini, nikeli na kobalti. Katika alniko ya aina ya tano, ambayo ndiyo ya kawaida katika Stratocaster, kobalti ni karibu asilimia 24 ya uzito.

Shaba na kobalti! Wandugu, kuna mtu katika mji huu anayehitaji kufafanuliwa maneno hayo mawili? Katika miaka ya 1950, Stratocaster ya kwanza ilipokuwa ikiundwa, kampuni ya migodi ya hapa kwetu, Union Minière du Haut-Katanga, ndiyo iliyoongoza dunia nzima kwa kuzalisha kobalti. Sumaku haina pasipoti, kwa hiyo siwezi kukionyesha kijiti hiki nikasema kilizaliwa Kolwezi. Ninachosema ni kwamba wakati ule dunia haikuweza kutengeneza sumaku kwa wingi bila kutazama upande wetu.

Mwezi Mei 1978 vita viliingia Kolwezi. Baadhi yenu mlikuwapo, na sina haja ya kuwasimulia. Lakini mnajua kilichotokea katika viwanda vya muziki? Bei ya kobalti ilipanda mara kadhaa, na watengenezaji wa spika waliokuwa wakitumia alniko kwa miongo mingi, JBL wakiwa miongoni mwao, wakahamia kwenye sumaku za feraiti, ambazo hazihitaji kobalti. Ndiyo maana leo anayetafuta spika ya kizamani ya alniko hulipia zaidi. Watu wa mbali wanaijadili tofauti hiyo ya sauti usiku kucha bila kujua kwamba chanzo chake kimojawapo kiko kilomita mia tatu na kitu kutoka ukumbi huu.

Nina mfano wa pili wa tumbo, na kwangu huu ndio unaoeleza mambo yote ya marudio kwa ufupi. Mwaka 1967 Fender ilimpata Seth Lover, mhandisi aliyewahi kuwatengenezea Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, mikro yenye koili mbili isiyovuma. Fender ikamtaka atengeneze mikro ya namna hiyo kwa ajili yao. Alitumia sumaku za kunife, yaani shaba, nikeli na chuma, kwa sababu aloi hiyo inakubali kuchongwa nyuzi za skrubu, kwa hiyo sumaku yenyewe inaweza kuzungushwa kupanda na kushuka. Baadaye aloi hiyo ikawa adimu, na mikro hizo zikaachwa. Marudio yalipokuja, kifuniko kilikuwa kile kile, chenye vichwa vile vile vya skrubu vilivyopangwa kwa zamu, lakini ndani mlikuwa na mikro ya kawaida yenye sumaku nyingine kabisa. Sura ya baba, tumbo la mtu mwingine. Wapigaji walilalamika kwa miaka mingi. Katika mfululizo wa American Vintage II uliotoka mwaka 2022, kunife ya kweli imerudi. Kwa hiyo mtu akikuuzia "marudio ya 1972" usimuulize tu kama ni ya 1972. Muulize yalitengenezwa lini, kwa sababu jibu hilo ndilo litakalokuambia kilichomo chini ya kifuniko.

Tuje kwenye mti. Tarehe 2 Januari 2017, mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliweka miti yote ya jamii ya Dalbergia chini ya udhibiti. Jamii hiyo ndiyo inayotoa palisanda, na pia mpingo wa Afrika Mashariki. Ghafla kila gitaa la biashara lenye kibao cha palisanda likahitaji karatasi ili livuke mpaka. Viwanda vilifanya nini? Magitaa mengi ya Fender ya Meksiko yakahamia kwenye mti wa Amerika ya Kusini uitwao pau ferro. Kwa hiyo mtu anaweza kununua gitaa lililoandikwa miaka ya 60 ambalo kibao chake ni cha mti ambao Fullerton ya miaka ya 60 haikuutumia. Mwezi Agosti 2019, katika mkutano wa Geneva, nchi zilikubaliana kuvisamehe vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa, na uamuzi huo ukaanza kazi tarehe 26 Novemba. Palisanda ikarudi polepole katika orodha za viwanda.

Na mkutano huo huo uliweka mti gani mpya chini ya udhibiti? Mukula! Mukula wetu, wandugu, ule mliouona ukipita kwenye malori kutoka upande wa Kasenga kuelekea mpakani, magogo yanayovuja utomvu mwekundu kama damu. Sitaki kutoka nje ya mada, lakini nilipoisoma orodha ile, palisanda ikilegezwa na mukula ukikazwa, niliiweka chini nikatoka nje kidogo. Kipande cha mukula ninacho karakana; nilikitumia kuziba ufa kwenye kibao cha gitaa la kanisa moja la mtaa wa Kenya hapa mjini, na hadi leo hakuna aliyeutambua.

Kuhusu vanishi, nitawaambia kosa langu mwenyewe. Magitaa ya zamani yalipakwa vanishi ya nitroselulosi, ambayo ni nyembamba, inazeeka, inapasuka, na inakataa kabisa kugusana na baadhi ya mipira. Mwaka 1968 Fender ilianza kutumia poliesta, ngumu kama sahani. Marudio ya Marekani yalirudia nitroselulosi, lakini kwa miaka mingi chini yake palikuwa na tabaka la plastiki ngumu, na mwaka 2012 ndipo walipobadili ili vanishi yote iwe nyembamba zaidi. Mimi haya sikuyajua nilipoanza kazi. Mzee mmoja aliniachia gitaa la marudio kwa majuma matatu, nami nikalitundika kwenye kishikio chenye mpira, kama nilivyokuwa nikiyatundika mengine. Alipokuja kulichukua, mpira ulikuwa umekula vanishi pande zote mbili za shingo na kuacha utelezi mweusi kama lami. Kwa hofu nikachukua kitambaa chenye dilianti nikasugua. Dilianti ndiyo inayoyeyusha nitroselulosi! Nilifuta vanishi pamoja na doa, mpaka mti ukaonekana. Mzee alitazama, hakusema neno, akalipa gharama ya nyuzi kama tulivyokubaliana akaondoka. Ningefurahi kama angenitukana.

Sasa jambo linalowasumbua wengi wenu kila mwaka bila kujua sababu. Ndani ya shingo kuna nondo ya chuma inayopambana na mvuto wa nyuzi. Katika magitaa ya kisasa unaikaza kutoka upande wa kichwa, kwa dakika moja, nyuzi zikiwa mahali pake. Katika Fender za kizamani na katika marudio yanayoziiga kwa uaminifu, kichwa cha nondo hiyo kiko kwenye kisigino, ndani ya mwili. Mnajua kiangazi chetu kilivyo. Kuanzia Mei mvua inakatika, ifikapo Julai asubuhi ni baridi na hewa imekauka, mti unasinyaa, ncha za freti, zile fito za chuma zilizopangwa juu ya kibao, zinachomoza pembeni na kukwaruza kiganja, na shingo inajongea. Kwa hiyo unalegeza nyuzi, unafungua skrubu nne, unaitoa shingo, unazungusha nondo robo mzunguko, unarudisha shingo, unafunga, unakaza nyuzi, unapiga, unagundua kwamba robo ilikuwa nyingi mno. Unaanza tena. Nimewahi kufanya hivyo mara tano kwa gitaa moja asubuhi moja. Hiyo ndiyo bei ya uaminifu kwa 1962, na anayenunua gitaa la namna hiyo Lubumbashi aijue mapema.

Kuna uaminifu mwingine ambao kwetu hauna bei. Kibao cha Fender ya zamani kimepinda kama mgongo wa mtumbwi uliofunikwa. Nusu kipenyo cha mviringo wake ni inchi 7.25, yaani kama milimita 184. Mwaka 2018 Fender ilitoa mfululizo wa American Original, wenye sura ya zamani, lakini kibao chake kilikuwa bapa zaidi, inchi 9.5. Miaka minne baadaye, American Vintage II ikarudi kwenye 7.25. Kwa nini walibadili? Kwa sababu mpiga bluzi huvuta uzi upande kwa nguvu, na juu ya kibao kilichopinda sana uzi huo hugusa freti na kufa. Lakini sisi tunavuta nyuzi hivyo? Mpiga solo wetu akiingia kwenye sebene hukimbia kwa jozi za nyuzi mbili mbili, juu kabisa ya shingo, na mpiga akompanyema hushika akodi saa nzima bila kupumzika. Kwa mkono wa namna hiyo mviringo wa zamani ni kama mto wa kulalia. Msikubali kila dosari iliyoandikwa na Wamarekani iwe dosari yenu.

Kuhusu Gibson nitapita haraka, kwa sababu hapa mjini si nyingi. Marudio ya gitaa lao la Les Paul la 1959 yamekuwa yakibadilika kidogo kidogo kila mwaka. Mwaka 2013, kwa mfano, warsha yao ilirudia gundi moto ya ngozi ya mnyama katika kuunganisha shingo na mwili, na ikaivua nondo ule mrija wa plastiki ambao gitaa la 1959 halikuwa nao. Walihitaji miaka mingi kugundua walichokuwa wakikifanya wenyewe walipokuwa Kalamazoo. Na zile Squier za Classic Vibe, magitaa ya Fender ya jina jingine, ambazo vijana wengi mnazo, zilianza mwaka 2008 zikitengenezwa China, na mwaka 2019 zikahamia Indonesia. Jina ni moja, kiwanda ni kingine, na mbao pia zimebadilika. Tazameni kichwani, nchi imeandikwa.

Mpiga gitaa wetu Mwenda Jean Bosco, aliporekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, hakuwa na mikro wala waya. Mzee mmoja aliniuliza hapo nje kwa nini basi tujisumbue na miaka ya magitaa. Baba, nakujibu hapa mbele ya wote: kwa sababu Mwenda hakuuziwa gitaa lake kwa bei ya mwaka ambao si wake.

Mwenye hili lililo mezani ameniuliza kama alirudishe kwa muuzaji. Nimemwambia abaki nalo. Ni gitaa zuri la 1989, mikro zake ni za alniko, shingo yake imenyooka, na waya wa jeki nimekwisha kuulehemu. Ila akija kuliuza, aseme miaka yote miwili.

Naona wengine mmekuja na magitaa yenu. Leteni hapa mezani, moja moja, bisibisi ninayo. Ila mwenye shingo ya skrubu nne asiziguse kabla hajalegeza nyuzi.